Kutoboa Vidole Hakuondoi Damu Iliyovuja Kichwani

Miongoni mwa maswali ambayo madaktari na wauguzi wa idara za dharura huulizwa na ndugu wa wagonjwa wa kiharusi, limo moja ambalo limerudiwa mara nyingi kiasi cha kuchosha, nalo ni kama ilikuwa sahihi kumtoboa mgonjwa vidole vyote kumi kwa sindano kabla ya kumleta hospitali, au kama kosa lao lilikuwa kuchelewa kumtoboa. Swali hilo huulizwa kwa nia njema, huulizwa na waliosoma na wasiosoma, na aghalabu huulizwa wakati mgonjwa amekwisha kupoteza saa tatu au nne ambazo alizihitaji kuliko kitu kingine chochote. Jibu lake ni hapana kwa pande zote mbili: waliotoboa hawakumsaidia mgonjwa, na wasiotoboa hawakumkosesha chochote. Kwa kuwa hapana ya neno moja imeonekana haitoshi, na kwa kuwa ujumbe unaoeneza tiba hiyo umezunguka katika simu za watu kwa miaka mingi, ukitoweka na kurejea kama mafua ya msimu, inafaa madai yake yachukuliwe moja baada ya jingine na kupimwa mbele ya wasomaji.

Ujumbe huo, ambao hujinasibisha na tiba ya jadi ya Kichina, humwagiza mtu aliye karibu na mgonjwa mambo manne. Kwanza, mgonjwa asisogezwe kabisa kutoka mahali alipoangukia, kwa madai kwamba akitikiswa mishipa midogo ya ubongo itapasuka. Pili, sindano yoyote, hata ya kushonea nguo, ipitishwe motoni, kisha ncha za vidole kumi zitobolewe karibu na kucha mpaka kila kidole kitoe damu, na kidole kisichotoa damu kikamuliwe. Tatu, mdomo ukiwa umepinda, masikio yavutwe mpaka yawe mekundu na ndewe zake zitobolewe pia. Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, mgonjwa asubiriwe pale pale mpaka arudiwe na hali yake ya kawaida, ndipo apelekwe hospitali.

Maagizo hayo yamepata wasikilizaji kwa urahisi katika Afrika Mashariki kwa sababu yamekuta mahali palipokwisha kulimwa. Wengi wanajua kuumika, yaani kutoa damu kwa chuku baada ya kuchanja ngozi, na hata namna ya kusema ya kila siku humwelezea mgonjwa kuwa presha yake imepanda au damu imemjaa kichwani, kana kwamba mwili ni pipa na damu ni maji yanayopanda kutoka chini kwenda juu. Mwenye picha hiyo akilini huona ni jambo la busara kulitoboa pipa ili maji yapungue, na ndiyo maana kumkemea au kumcheka hakujawahi kumbadilisha yeyote. Kinachopaswa kuvunjwa ni ile picha ya pipa, maana hesabu iliyojengwa juu yake haina kasoro ila kwamba imeanzia mahali pasipofaa.

Kiharusi ni jina la matukio mawili yanayofanana kwa nje na kupingana kwa ndani. Katika tukio la kwanza mshipa wa ubongo huzibwa na damu iliyoganda, na sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa damu. Katika tukio la pili mshipa hupasuka, na damu ikavuja ndani ya ubongo wenyewe au juu ya uso wake. Makala haya yanahusu hasa tukio la pili. Mshipa unaopasuka kwa kawaida ni ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, tena ateri ndogo isiyozidi unene wa milimita moja, iliyozama katikati ya ubongo na iliyodhoofishwa na miaka mingi ya presha isiyotibiwa. Madaktari wa Kifaransa Jean-Martin Charcot na Charles Bouchard walivieleza vivimbe vidogo vya ateri za namna hiyo tangu mwaka 1868. Damu inayotoka hapo husukumwa katikati ya nyama ya ubongo, huganda, na kufanya bonge. Tangu dakika hiyo damu ile imekwisha kutoka katika mzunguko, na hakuna mshipa hata mmoja unaoiunganisha na kidole cha mkono, wala na ndewe, wala na kidole cha mguu. Bomba likipasuka ndani ya ukuta wa nyumba, maji yaliyokwisha kulowesha ukuta hayarudi kwa kufungua koki ya uani, hata koki hiyo ifunguliwe mara kumi.

Mtetezi wa sindano anaweza kujibu kwamba koki ya uani angalau hupunguza nguvu ya maji yanayoendelea kuvuja, na kwamba tone la damu kidoleni hupunguza presha. Hoja hiyo hujibiwa kwa hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Tone moja la damu ni takriban sehemu moja ya ishirini ya mililita, kwa hiyo vidole kumi hutoa nusu mililita. Mwili wa mtu mzima una damu inayokaribia lita 5, yaani mililita 5,000. Basi kilichotolewa ni sehemu moja katika sehemu 10,000. Anayechangia damu hospitalini hutoa takriban mililita 450, ambazo ni mara 900 ya matone hayo, kisha hunywa soda, hupumzika kidogo na kurejea nyumbani kwa miguu yake. Kama mililita 450 hazimwangushi mtu mwenye afya, nusu mililita haiwezi kuishusha presha ya mgonjwa ambayo namba yake ya juu imesoma 220. Zaidi ya hayo, maumivu yenyewe huuamsha mwili kutoa homoni za tahadhari ambazo huufanya moyo upige kwa nguvu zaidi na mishipa ikaze, hivyo anayetobolewa vidole kumi na kuvutwa masikio yuko karibu zaidi na kupandishwa presha kuliko kushushwa. Hapo hazijatajwa hatari za sindano isiyo safi inayopita kutoka mkono hadi mkono, ambazo ni pepopunda, homa ya ini na virusi vya Ukimwi, wala haijatajwa hali ya mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Dai la kwamba mgonjwa asisogezwe linastahili kushughulikiwa kwa ukali zaidi, kwa sababu ndilo linaloua. Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka, lenye nafasi ya takriban mililita 1,500 ambayo imejazwa na ubongo, damu iliyo ndani ya mishipa na majimaji yanayouzunguka ubongo. Bonge la damu likiingia humo halina mahali pa kukaa ila kwa kukisukuma kingine. Bonge la mililita 30, kiasi cha vijiko viwili vikubwa, tayari ni jambo la hatari. Na katika uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993, wagonjwa waliokuwa na bonge la mililita 60 au zaidi na ambao walikuwa wamezimia sana walifariki zaidi ya 9 kati ya kila 10 ndani ya siku 30. Tofauti kati ya bonge dogo na kubwa, basi, mara nyingi ndiyo tofauti kati ya kupona na kuzikwa.

Bonge hilo halizaliwi likiwa na ukubwa wake wa mwisho. Mwaka 1997 watafiti wa Cincinnati, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 103 waliopigwa picha ya ubongo ndani ya saa tatu tangu dalili zianze, kisha wakapigwa tena saa moja baadaye na tena baada ya saa 20. Katika asilimia 26 ya wagonjwa hao bonge lilikuwa limekua kwa kiasi kikubwa ndani ya saa moja tu kati ya picha ya kwanza na ya pili, na kwa wengine asilimia 12 lilionekana kuwa limekua ilipofika picha ya tatu. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watatu huendelea kuvuja damu baada ya kuanguka, na kwamba sehemu kubwa ya uvujaji huo hutokea katika saa zile zile ambazo ujumbe wa simu unaagiza zitumike kumkamua vidole na kumsubiri.

Kuhusu mtikisiko wa gari, ubongo umeumbwa ukielea. Nyama yake ina uzito wa takriban gramu 1,400, lakini ndani ya majimaji yake huwa kana kwamba una gramu 50 tu, na kazi mojawapo ya majimaji hayo ni kuukinga na misukosuko ya kila siku. Kinachoipasua ateri dhaifu hakiko nje barabarani. Kiko ndani, nacho ni pigo la damu yenye presha kubwa mno. Moyo unaopiga mara 80 kwa dakika huigonga ateri hiyo mara 4,800 katika saa moja, iwe mgonjwa amelazwa sebuleni juu ya mkeka au yuko ndani ya gari akielekea hospitali, ila akiwa ndani ya gari kuna mwisho wa safari ambako presha inaweza kushushwa. Anayemzuilia nyumbani ili asitikiswe amemkinga na kitu kisichomdhuru na kumwacha mikononi mwa kile kinachomuua.

Hata hivyo, wapo watu waaminifu wanaoapa kwamba walitoboa na mgonjwa akaamka, na ushuhuda wao hauwezi kupuuzwa bila kuelezwa. Sehemu ya wanaopata dalili za kiharusi huwa wamepatwa na kiharusi cha mpito, yaani mshipa uliozibwa kwa muda mfupi kisha ukafunguka wenyewe, na dalili zake kwa wengi huisha kabla ya saa moja kupita. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka anaweza kulegea upande mmoja na kuropoka, akarejea vizuri mara anapopata kitu kitamu. Aliyetoka kupata degedege au kifafa anaweza kubaki na mkono uliolegea kwa dakika kadhaa au saa kadhaa, kisha nguvu zikarudi. Mwenye mdomo uliopinda peke yake, tena akiwa hawezi kukunja paji la uso wala kufumba jicho la upande huo, mara nyingi hana kiharusi hata kidogo bali ana ugonjwa wa neva ya uso, ambao kwa walio wengi hupungua wenyewe katika wiki au miezi, na ndewe iliyotobolewa ikapewa sifa isiyo yake. Wote hao wangepata nafuu bila sindano, na wanapoipata baada ya sindano, sindano hutangazwa. Wale waliotobolewa wakafa hawaandiki ujumbe kwenye simu.

Upo pia udanganyifu wa macho ambao huwapotosha hata watu makini. Mgonjwa aliyesinzia kwa sababu ubongo wake umebanwa na bonge, akichomwa penye maumivu, hufumbua macho, huguna au huuvuta mkono wake, na ndugu waliomzunguka hushangilia kwamba amezinduka. Daktari wa dharura naye humbinya mgonjwa kucha au mfupa wa juu ya jicho kwa makusudi ili aone kama atafanya hivyo hivyo, kwa kuwa jibu la mwili kwa maumivu ni kipimo cha kina cha kuzimia. Hakuna daktari anayekiita kipimo hicho tiba. Anayefumbua macho kwa sababu ameumizwa, kisha akayafumba tena anapoachwa, hajarudiwa na fahamu, na dakika zinazotumika kurudia zoezi hilo ni dakika alizonyang'anywa.

Linabaki jina la China, ambalo ujumbe hulitumia kama muhuri. Ni kweli kwamba kutoboa ncha za vidole ni desturi ya kale katika tiba ya jadi ya nchi hiyo, lakini ni katika hospitali za China hiyo hiyo ambamo majaribio makubwa ya kushusha presha ya wagonjwa wa damu kuvuja kichwani yamefanyika. Utafiti uitwao INTERACT3, uliochapishwa mwaka 2023, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 katika hospitali 121 za nchi 10, tisa kati yake zikiwa za kipato cha chini na cha kati, Nigeria ikiwamo, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa Wachina. Kilichojaribiwa hakikuwa mashine mpya wala dawa ya bei ya kutisha. Kilikuwa ni kufuata kwa pamoja na kwa haraka mambo manne, ambayo ni kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 140 ndani ya saa moja, kudhibiti sukari, kuzuia joto la mwili lisizidi nyuzi 37.5, na kubatilisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa wanaoitumia. Uwezekano wa matokeo mabaya, yaani kufa au kubaki na ulemavu, ulipungua kwa takriban asilimia 14. Anayetaka kufuata mfano wa China na aufuate huo.

Kwa upande mwingine, matokeo hayo yasimpe jirani yeyote ruhusa ya kumwekea mgonjwa kidonge chake cha presha chini ya ulimi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa INTERACT4, uliofanyika ndani ya magari ya wagonjwa nchini China kwa watu 2,404 ambao takriban nusu yao walishushwa presha kabla ya kujulikana aina ya kiharusi chao: waliokuwa wakivuja damu walinufaika, na waliokuwa wamezibwa mshipa walidhurika, kwa kuwa mwenye mshipa uliozibwa huitegemea presha hiyo kupenyeza damu kidogo inayobaki. Mtego huo huo umo katika aspirini, ambayo siku hizi wagonjwa hupewa majumbani kwa kuwa watu wamesikia kwamba hulainisha damu. Kwa mwenye mshipa uliopasuka, kulainisha damu ni kumzidishia uvujaji. Wala hakuna haraka ya dakika inayoweza kuitetea: majaribio mawili makubwa ya mwaka 1997, yaliyowahusisha wagonjwa wapatao 40,000 kwa jumla, yaliipa aspirini sifa ndogo ya kuwaokoa na kifo au ulemavu watu wapatao 10 katika kila 1,000 wenye mshipa uliozibwa, nayo iliwafaa ikitolewa wakati wowote ndani ya saa 48. Kusubiri picha ya ubongo kabla ya kutoa aspirini hakumpotezei mgonjwa kitu.

Picha hiyo ni kipimo cha CT, yaani mionzi inayozungushwa kichwani na kompyuta ikaunda sura ya ndani ya ubongo, ambacho mgonjwa wa kwanza alipimwa mjini London tarehe 1 Oktoba 1971 na ambacho huionyesha damu mpya kwa rangi nyeupe isiyofichika. Bila kipimo hicho hakuna daktari, awe bingwa kiasi gani, anayeweza kuwa na hakika. Maumivu makali ya kichwa, kutapika na kuzimia mapema huelekeza kwenye damu kuvuja, na wataalamu wa hospitali ya Siriraj, Bangkok, walitunga mwaka 1991 alama za kukadiria aina ya kiharusi pasipo picha, lakini alama hizo hukosea mara nyingi kiasi kwamba hazifai kuwa msingi wa kumpa mtu dawa inayoweza kumuua. Nchini Tanzania hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimepata mashine hizo katika miaka ya karibuni, na tangu mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa na idara kamili ya tiba ya dharura inayofundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mzigo unaozisubiri ni mkubwa, maana uchunguzi uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikuta Dar es Salaam viharusi vipya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka baada ya kusawazisha umri, dhidi ya 109 wilayani Hai. Mashine ikiwepo na mgonjwa akawekwa foleni kwa sababu stakabadhi haijakamilika, tofauti yake na kusubiri sebuleni ni ndogo sana, na viongozi wa hospitali wanalijua hilo.

Sasa yanayopaswa kufanywa. Nyumbani: uso uliopinda, mkono usioinuka, usemi uliovurugika au kichwa kilichopasuka kwa maumivu ya ghafla ni sababu tosha ya kutafuta usafiri papo hapo; aliyelegea alazwe ubavu ili matapishi yasimwingie mapafuni, asipewe maji, chai, uji wala dawa kwa mdomo, asipandishwe bodaboda akiwa hajimudu, na apelekwe moja kwa moja penye CT kama pako karibu, badala ya kupitishwa vituo vitatu kwa ajili ya barua. Kisukari, warfarini na vali ya moyo iliyopandikizwa vitajwe mlangoni, na vidonge vyake vyote vibebwe katika mfuko.

Hospitalini, hata pasipo chumba cha wagonjwa mahututi: njia ya hewa kwanza, oksijeni kwa anayeihitaji tu, kichwa kiinuliwe kiasi cha nyuzi 30, na sukari ipimwe hapo hapo, hilo likiwa ndilo tobo la kidole pekee lenye maana katika habari hii yote. CT ikithibitisha damu, presha ishushwe kwa dawa ya mshipa kuelekea 140 bila kuvuka chini ya 130, taratibu na bila kuyumba, kwa labetaloli au hidralazini, ambazo zikikosekana idara ya dharura mara nyingi zimo katika wodi ya wazazi hatua chache kutoka hapo. Nifedipini ya chini ya ulimi iachwe, maana huiangusha presha ghafla pasipo mtu kuweza kuizuia. Deksamethasoni iachwe pia, kwa sababu jaribio lililofanyika Bangkok na kuchapishwa mwaka 1987 lilionyesha kwamba haisaidii na inaongeza maambukizi, na inashangaza kwamba ingali inaandikwa. Mtumiaji wa warfarini apewe vitamini K mara moja pamoja na plazima kama ipo. Manitoli ni ya kununua muda kwa mgonjwa anayebanwa fuvuni huku akisubiri upasuaji, na si ya kila mtu kila baada ya saa sita. Bonge kubwa la ubongo wa nyuma na majimaji yaliyozibiwa njia ni sababu za kumpigia simu daktari wa upasuaji wa ubongo usiku huo huo. Uwezo wa kumeza upimwe kabla ya kijiko cha kwanza cha uji, joto lishushwe, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili; haya yote ni kazi ya wauguzi, na palipo wauguzi wa kutosha wagonjwa hupona zaidi. Kituo kisicho na CT kisitoe aspirini, kisikimbilie kushusha presha isipokuwa imepita 220 kwa 120, kipime sukari, kilinde njia ya hewa na kiandike rufaa ndani ya saa ya kwanza.

Ndugu wa mgonjwa wanaombwa jambo moja zaidi wanapofika. Daktari atauliza ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, na wengi hupunguza saa katika jibu lao kwa aibu ya vidole vilivyotobolewa au ya muda uliotumika kwa mganga na kwenye maombi. Saa hiyo isemwe kama ilivyokuwa, kwa sababu uamuzi wa kila dawa atakayopewa mgonjwa usiku huo huanza kuhesabiwa kutoka hapo.